Khanga ya Manjano Dirishani

Binti aliyekuja kuniomba nikae na watoto wa kongamano nilimfundisha mwenyewe mafundisho ya komunyo ya kwanza, miaka ile nilipokuwa bado mkatekista wa parokia. Alikuwa mtoto wa maswali. Nilipowaambia kuwa Mungu yuko kila mahali, alitaka kujua kama yumo na ndani ya redio. Sasa ni mtu mzima, ana kazi yake ya kompyuta hapa Ifakara, anavaa suruali na miwani, na akinisalimia bado anakunja magoti kidogo. Namshukuru Mungu kwa hayo magoti.

Nilikuwa uani kwangu Lipangalala, napeta mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Leo umeikumbuka njia ya huku?"

"Sijaisahau bibi. Ni kazi tu."

"Kazi ya kubonyeza."

"Hiyo hiyo." Akacheka, akavuta kigoda, akaanza kutoa chuya pamoja nami bila kuombwa. Nikajua ana shida yake, kwa sababu vijana hawachambui mchele wa mtu bure.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Yeye na wenzake walikuwa wanaandaa kongamano la siku tatu la watu wanaotengeneza programu za simu na kompyuta, kwenye ukumbi wa parokia. Wangekuja wa kutoka Dar es Salaam, Iringa na Morogoro, na wa hapa hapa bondeni. Alitaka ng'ambo ya uwanja, kwenye chumba cha ushonaji, pawe na mahali ambapo mshiriki mwenye mtoto mdogo atamwacha mtoto wake, aende ukumbini akasikilize na kusema kama wenzake.

"Na wa kukaa nao ni wewe, bibi."

"Walimu wa chekechea wameisha mjini?"

"Hawajaisha. Ila nataka mtu ambaye mama akimwangalia usoni mara moja roho yake inatulia. Walimu wetu wana nyimbo nzuri, lakini wengine ni watoto wenyewe."

Nikaendelea kupeta. Ndipo akanisimulia habari ya msichana mmoja wa Lupiro, ng'ambo ya mto, ambaye alikuwa amekwenda kwenye kongamano kama hilo katika mji wa mbali, mtoto wake akiwa bado mchanga kabisa. Mtoto akalia. Mtu wa mlangoni akamwomba mama asubiri nje kidogo, ampoze. Akatoka, akakaa kwenye benchi akambadilisha mtoto nguo. Wakati huohuo ndani wakaita jina lake, wakaita tena, wakaendelea na mwingine.

"Hakuna aliyemfukuza, bibi. Walimwambia kwa upole kabisa. Ila jina lake lilipoitwa, yeye alikuwa nje."

Sasa msichana huyo anakuja tena, na mtoto ana miezi minane. Safari hii kuna wageni ambao watamchagua mshiriki mmoja akae mwaka mzima kwenye ofisi yao hapa Ifakara, apewe vifaa na watu wa kumwelekeza, amalizie programu yake. Sharti ni kila mtu aonyeshe kazi yake mbele ya ukumbi mpaka mwisho. Asiyefika mwisho hafikiriwi.

"Na programu yake ni ya nini?" nikauliza.

"Ni ya mama wajawazito walioko mashamba ya mbali. Simu inawapigia, hata hizi za tochi kama yako, inaongea kwa sauti ya mtu, inawauliza hali, wao wanajibu kwa kubonyeza namba. Majibu yanamfikia muuguzi wa zahanati. Siku zikikaribia inawaambia sasa ondokeni shambani, njooni mjini msubiri."

Niliweka ungo chini. Mimi mwanangu wa pili nilimzalia shambani, kwenye dungu, mvua imefunga njia, mume wangu amekwenda kutafuta mtumbwi na hajarudi. Mwanamke wa shamba la jirani ndiye aliyenipokea mtoto. Tulipona wote wawili, na mpaka leo siku ya kuzaliwa ya mtoto huyo ninaomba misa ya shukrani. Kwa hiyo binti wa kompyuta hakuwa na haja ya kunibembeleza zaidi.

Siku ya kwanza nilifika mapema, nikafagia vipande vya vitambaa, nikasukuma cherehani ukutani na kuzifunika, nikatandika mikeka. Niliomba kimoyomoyo, kwa sababu niliambiwa watakuwapo na watoto wa Kiislamu kutoka kule kwenye mashamba ya miwa, na sikutaka mama yeyote adhani nimemwekea mtoto wake mtego wa dini. Mungu anasikia hata mdomo ukiwa umefungwa.

Msichana wa Lupiro alikuja kwa bodaboda, ameshavuka daraja na vumbi lote limekaa kwenye nyusi. Mgongoni mtoto, kifuani begi la kompyuta. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini. Aliniamkia shikamoo, akamfungua mtoto kutoka kwenye mbeleko, akamkalisha mkekani, kisha akaanza kurudi nyuma polepole kuelekea mlangoni, akinionyesha kwa macho kwamba nimchezeshe mtoto asione.

"Usinyate," nikamwambia. "Muage."

"Atalia, bibi."

"Atalia, ndiyo. Lakini ukimtoroka leo, kesho atakushika nguo tangu Lupiro. Mwambie unakwenda wapi na kwamba utarudi."

Akapiga magoti, akamwambia mtoto wa miezi minane kwamba mama anakwenda pale kwenye nyumba kubwa kusikiliza watu, kisha atarudi amnyonyeshe. Mtoto akamsikiliza kwa makini, halafu akapasua kilio. Mama akasimama mlangoni, hatoki wala harudi. Nikamwonyesha kwa mkono aende. Nikachukua ungo niliokuja nao, nikatia kiganja cha mpunga, nikaanza kupeta karibu na mtoto. Ile sauti ya mpunga kwenye ungo ni sauti ambayo watoto wa bonde hili wanaizoea tangu tumboni. Akalia, akapunguza, akanyamaza, akaunyooshea ungo mkono.

Tatizo la siku ile lilikuwa jingine. Binti wa kompyuta alikuwa amepanga kwamba mtoto akimhitaji mama yake, mimi nipige simu au msaidizi wake aandike kwenye kundi la wasap. Lakini ukumbini waliombwa wazime sauti za simu. Mtoto mmoja akaharisha, mwingine akakataa uji kabisa, nami napiga, napiga, na mama yuko hatua chache tu kutoka nilipo, simu yake imelala kimya ndani ya mkoba. Binti wa kompyuta alishinda akikimbia kati ya chumba na ukumbi, anapenya kati ya viti, anainama kumnong'oneza huyu na yule, mpaka mzungumzaji mmoja akamwuliza kwa kipaza sauti kama ana swali.

Wakati wa chakula cha mchana nikawaita kina mama nikawaambia tutumie khanga.

Wale wa huku bondeni walicheka, wakaelewa papo hapo. Msimu wa mpunga watu wengi wa kwetu huhamia mashambani, na huko hujenga dungu, kile kibanda cha juu kwenye nguzo ambamo mtu hukaa kuwinga ndege wasile mpunga. Mama anapalilia mbali, mtoto amebaki dunguni na bibi. Mtoto akiwa na njaa au akiumwa, bibi hatelemki wala hapigi kelele, kwa sababu upepo unakula sauti. Anatundika khanga kwenye nguzo. Mama akiinua kichwa akaiona, anaacha jembe anakuja. Asipoiona, anaendelea na kazi yake kwa amani. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na hivyo ndivyo nilivyolea.

Mama mmoja kijana wa Dar es Salaam hakuwa ameelewa. "Sasa hiyo khanga inafanyaje?"

"Dada, ni notifikesheni," akamjibu msichana wa Lupiro. "Notifikesheni ya Kilombero. Haiishi chaji."

Wakacheka sana. Tukakubaliana kila mama aniachie upande mmoja wa doti yake na upande wa pili abaki nao, ili kila mtu aijue ya kwake. Dirisha la chumba cha ushonaji linatazamana na milango ya pembeni ya ukumbi, ambayo hubaki wazi kwa ajili ya hewa. Kina mama wakahamia viti vya upande ule. Khanga ya msichana wa Lupiro ilikuwa ya manjano yenye mananasi meusi, mpya kiasi. Aliniambia alipewa na mama mkwe wake, yule yule aliyekuwa akimwambia kwamba mwanamke mwenye mtoto kifuani hana la kufanya kwenye mikutano. "Nimeivaa makusudi, bibi. Nayo ije ione."

Mchana ule kila kitu kilikwenda vizuri. Natundika khanga ya kijani, mama wa kijani anatoka. Naishusha, wengine wanajua mambo yametulia.

Siku ya pili habari zilikuwa zimeenea na watoto wakawa wengi kuliko mikono yangu. Nilikuwa nimelitarajia hilo, nikamwomba jirani yangu wa Lipangalala aje kunisaidia. Ni mama wa Kisukuma, rika langu, walikuja bondeni na ng'ombe zao miaka mingi iliyopita, kisha wazee wakabaki mjini na vijana wakaendelea na mifugo. Kiswahili chake ni cha maneno machache, naye huyatumia yote. Hatuna dini moja kwa maana yeye hana kanisa wala msikiti, lakini sijawahi kumwona akila kabla hajamtengea mwingine.

Tukagawana kazi. Mimi mikeka na hadithi na uji, yeye maji na kufua. Nilimweleza yupi anakula nini, yupi anaogopa paka, yupi asibebwe na mtu mwenye kilemba. Habari ya khanga sikumweleza. Wala sikukumbuka kwamba ni ya kuelezwa, ni kama kumwambia mtu kwamba maji yanalowesha.

Msichana wa Lupiro alikuwa amepangwa asubuhi ile ile. Alikuja kumnyonyesha mtoto kabla ya zamu yake.

"Nikisahau, bibi?"

"Utasahau nini na kitu umekitengeneza mwenyewe?"

"Nikiangalia dirisha nikaiona khanga?"

"Khanga haitakuwapo. Nisipotundika, mtoto yuko salama. Wewe angalia watu."

Akaniachia upande wake wa manjano, akaenda. Mtoto akasinzia juu ya khanga hiyo hiyo, na baada ya muda mfupi akaikojolea. Nilimhamishia kwenye mkeka mkavu, nikageuka kutenganisha wawili waliokuwa wanagombea kijiko. Nikasikia vipaza sauti vya ukumbi vikimtaja msichana kwa jina lake, kisha sauti yake, ya chini mwanzoni, halafu ikaanza kupanda. Alikuwa anaeleza jinsi mwanamke wa shambani anavyokaa akisubiri uchungu bila kujua mto umejaa kiasi gani. Nilisikiliza nikiwa nimelipa dirisha kisogo, nikasema moyoni, Bwana, mfikishe.

Kisha sauti ikakatika katikati ya neno.

Nilidhani umeme umekatika. Nikageuka kuangalia nje, na nikamwona msichana anakuja mbio kuvuka uwanja, amekunja gauni mkononi, kandambili moja imebaki nyuma. Ndipo nikatazama dirisha letu. Khanga ya manjano ilikuwa imetandazwa kwenye nondo, imefuliwa safi, inadondosha maji, jua lote liko juu yake. Kamba ya kuanikia nguo ilikuwa imechukuliwa kufungia turubai la chakula, na jirani yangu alikuwa ametafuta mahali penye jua akapapata.

Msichana aliingia akapita mbele yangu bila kuniona, akaanguka kwa magoti penye mkeka. Mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi, jasho jembamba kwenye pua.

"Ana nini?"

"Hana kitu," nikasema. "Amelala."

"Khanga..."

"Imefuliwa."

Akaangalia dirisha, akamwangalia jirani yangu aliyesimama na beseni, akaniangalia mimi. Alikaa chini, akaweka kiganja mdomoni. Kutoka ukumbini tukasikia mwenyekiti, mgeni kutoka Dar es Salaam, mtu wa adabu na wa saa, akisema kwamba inaelekea mwenzetu amepata dharura, tunamshukuru kwa alipofikia, na sasa tumkaribishe anayefuata.

"Rudi," nikamwambia.

"Wameshaita mwingine, bibi. Ni kama kule kule."

"Mayu," jirani yangu akaniita, yaani mama, maana ndivyo anavyoniita kwa lugha ya kwao. "Huyu analia nini? Mtoto mzima."

Nikamweleza kwa haraka: dungu, nguzo, khanga, kwamba mama akiiona anaacha kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwetu mtoto hakai mbali na mgongo," akasema. "Hiyo ya nguo sikuijua."

"Najua hukuijua."

Akaweka beseni chini, akafuta mikono kwenye gauni lake, akatoka. Nilidhani anakwenda kumwaga maji. Msichana ndiye aliyegundua kwanza, akainuka, "Bibi, acha, bibi," akamfuata. Mimi sikuweza kuacha watoto. Nikasogea dirishani, nikaishusha khanga, na yaliyofuata niliyaona kwa vipande kupitia milango ya pembeni, na kuyasikia yote kupitia vipaza sauti.

Alivua ndala mlangoni, kama anavyofanya akiingia nyumba yoyote. Akapita katikati ya ukumbi peku mpaka mbele, akasimama.

"Karibu mama," mwenyekiti akasema. "Ila tuko kwenye ratiba."

"Ratiba siijui. Mimi ndiye nimeanika nguo."

Watu wakacheka kidogo. Mwenyekiti akashuka jukwaani, akamsogezea kipaza sauti. "Nguo gani, mama yangu?"

"Ya mtoto wa huyu. Imekojolewa. Nimeifua, nimeianika. Huyu akaja mbio. Mtoto amelala, hana shida. Nimekuja kusema hana shida."

Sauti za watu wa huku zikaanza kumweleza mwenyekiti, huyu kutoka nyuma, yule kutoka dirishani, dungu hili, dungu lile, mpaka akainua mkono.

"Nimeelewa. Nimeelewa, jamani. Lakini muda wake umekwisha, na huyu mwingine amesimama anasubiri. Nifanyeje?"

"Muda nimeukata mimi," jirani yangu akasema. "Mpe."

Aliyekuwa amesimama kusubiri zamu alikuwa kijana kutoka kwenye mashamba ya miwa, mrefu, kompyuta ameikumbatia kama mtoto. Nilisikia akikohoa kwenye kipaza sauti.

"Mwenyekiti, atangulie. Mimi nimekulia kambi ya miwa, pale kila bibi alikuwa bibi yangu, na kila mmoja alinichapa kwa zamu. Bibi akisema mpe, mimi siwezi kubisha."

"Na ukikosa muda wewe?"

"Ya kwangu ni fupi. Niliirefusha kwa maringo tu."

Basi wakamrudisha msichana jukwaani, amevaa kandambili moja. Jirani yangu hakurudi. Alikaa chini sakafuni pale pale mbele, miguu ameinyoosha, kama anayechunga kitu kisipotee tena.

Msichana akaanza alipoachia. Kisha akasema atapiga simu ya mfano ili watu wasikie. Kwenye vipaza sauti ikatoka sauti ya mwanamke mtu mzima, kwanza kwa Kipogoro, halafu kwa Kiswahili: mama, umeamkaje, mtoto anacheza tumboni? Akicheza bonyeza moja. Jikoni, chini ya turubai, wapishi wakaacha miiko. Mmoja wao, msichana mwenye tumbo la miezi ya mwisho, akajibu kwa sauti, "Anacheza," wenzake wakamzomea kwa kicheko.

Na hapo ndipo mtoto wa manjano alipoamka.

Aliamka na njaa. Si kilio cha kutaka kubebwa, ni kile cha njaa, ambacho mtu aliyelea hakikosei. Nikampa uji kwa kijiko, akaufuta kwa mkono. Nikampetea mpunga, akausukuma ungo. Khanga ya mama yake ilikuwa mkononi mwangu bado mbichi, na nondo za dirisha ziko mbele yangu. Wakati wa kuitundika ulikuwa ule. Nilikuwa nimemwahidi mama yake kwamba nisipotundika, mtoto yuko salama, na kwamba khanga ikiwa haipo atazame watu. Neno langu kwake lilikuwa ile khanga. Na nilijua kwamba nikiitundika, safari hii kwa haki, atashuka tena, na hakuna kijana wa miwa atakayempa muda mara ya pili.

Nikajiuliza mtoto ana nini hasa. Ana njaa. Hana homa, hana maumivu, atanyonya tu, kwa kuchelewa kidogo. Nikamfunga mgongoni kwa khanga ile ile mbichi, nikamwomba msaidizi wa binti wa kompyuta, aliyekuwa ameingia muda huo, aangalie waliobaki, nikatoka kwa mlango wa nyuma mpaka nyuma ya stoo ya parokia, ambako ukumbi hausikii. Nikatembea naye huku na huku nikimwimbia litania ya Bikira Maria, kwa sababu ndiyo ndefu kuliko nyimbo zote ninazozijua. Alilia mpaka sauti ikakwaruza. Kila kilio kiliniingia. Sikusimama mpaka niliposikia makofi, na makofi yale yalikuwa marefu, na ndani yake nikatambua vigelegele vya jirani yangu.

Nikarudi chumbani, nikamfungua mtoto, nikaitundika khanga.

Alikuja akitembea. Alipoiona alicheka, nadhani akifikiri imeanikwa tena. Kisha akamsikia mtoto, akakaa, akamweka titini kabla hata ya kufuta jasho. Mtoto akanyonya kwa hasira, akishika ziwa kwa mikono miwili.

"Alilia?"

"Alilia."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu simu yako ilipoanza kuongea."

Akampangusa mtoto machozi kwa ncha ya khanga. "Ungeitundika ningekuja, bibi."

"Najua. Ndiyo maana sikuitundika."

Hakuniambia nimefanya vizuri, wala sikutaka aniambie. Aliendelea kunyonyesha, na baada ya kitambo akaegemeza kichwa kwenye bega langu, nikajua kwamba hana kinyongo.

Jioni nikisali rozari nilikawia kwenye tendo la mwisho la furaha, lile la Mama Maria na Yosefu kumkuta Yesu hekaluni baada ya kumpoteza safarini. Nilipolifundisha, binti wa kompyuta, akiwa mtoto wa meno ya mbele yaliyong'oka, aliwahi kuniuliza Mama Maria alitembeaje siku nzima bila kumtafuta mwanawe. Sikumbuki nilimjibu nini. Jioni ile nilidhani ninajua: alitembea kwa sababu aliamini mtoto yuko kwa ndugu. Nikawaza ni mzigo mkubwa namna gani kuwa yule ndugu. Kuhusu saa ile ya nyuma ya stoo, nimemweleza Mungu na nimemwachia.

Siku ya tatu walitangaza. Nafasi ya mwaka ilimwendea msichana wa Lupiro. Binti wa kompyuta alikuja kunipa habari kabla sijazisikia kwenye kipaza sauti, miwani imeingia ukungu. Msichana mwenyewe, walipomwuliza kama ana la kusema, alisema anashukuru, na anaomba kujua mtoto wake atakaa wapi wakati wa kazi. Nasikia mwenyekiti alitazama huku na huku, kisha akatazama dirisha letu.

Anakaa kwangu. Mama yake amepanga chumba si mbali na soko, asubuhi anampitisha, anapiga magoti, anamweleza anakwenda wapi, kisha anaondoka bila kunyata. Mtoto sasa anatembea, na anapeta kwa ungo vibaya sana. Jirani yangu wa Kisukuma naye huja kila siku, akisema amekuja kuazima chumvi, na hufua kila kinachofulika. Kamba yangu ya nguo iko mbele ya nyumba, kwenye jua zuri, lakini khanga ya manjano haianiki hapo. Huizungusha nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha migomba, ambako inachukua mchana mzima kukauka. Nimemwambia ofisi ya yule mama iko upande mwingine kabisa wa mji, hakuna awezaye kuiona kutoka huko.

"Mayu," hunijibu, "wewe hujui yule anavyoona mbali."